Ndevu zinaota, siku hazionekani

Shikamoo mama,

Naomba jina langu lisitajwe. Nina umri wa miaka 24, ni fundi cherehani hapa Bondeni, Nakuru, na Mungu akijalia nitaolewa miezi minne ijayo. Ningekuwa na raha kama wenzangu wanaoposwa, lakini nina jambo ambalo hata mamangu halijui lote.

Nina ndevu. Si malaika yale ya kawaida ambayo kila mwanamke anayo. Ni ndevu nyeusi, ngumu, ukipitisha kidole zinakwaruza. Zilianza nikiwa kidato cha tatu, udevu mmoja chini ya kidevu. Nikaung'oa nikasahau. Ukarudi na mwenzake. Mwaka baada ya mwaka zimezidi, sasa zimeshika kidevu chote na pembeni kwenye taya, na masharubu yanaonekana juu ya mdomo. Kuna mstari wa nywele unaoshuka kutoka kitovuni, na chache zimezunguka chuchu. Kila siku naamka saa kumi na moja alfajiri kabla nyumba haijaamka, nawasha tochi ya simu, nashika kioo kwa mkono mmoja na kibano kwa mwingine. Nikimaliza, kidevu kimejaa vipele na madoa. Korona iliisha zamani lakini mimi barakoa sijaivua. Wateja wanadhani vumbi la vitambaa linanisumbua.

Siku moja nilikuwa nampima gauni mtoto wa mteja, barakoa nimeishusha kwa sababu ya joto. Nilipoinama aliniguza kidevu akasema, "Mama, huyu anti anachoma kama baba." Mamake akaona haya akacheka, nami nikacheka. Walipoondoka nilikata kitambaa chao vibaya, ikabidi nikilipe.

Shangazi yangu anasema nina mume wa kijini ambaye hataki niolewe. Zahanati moja niliyoenda niliambiwa nikizaa zitaisha zenyewe. Duka moja la dawa waliniuzia vidonge vya kupanga uzazi bila kunipima chochote. Nilimeza miezi miwili mwaka jana, kichwa kikaniuma sana nikaacha. Shingo nayo imekuwa nyeusi, naisugua kwa dodoki na ndimu lakini haitakati, kwa hiyo rafiki yangu ameniletea krimu kwenye kikopo cheupe kisicho na jina, naipaka usiku. Uzani umeongezeka pia, na siku zangu huja zinapotaka, mwaka jana nadhani niliziona mara tano. Mamangu ana sukari, lakini mimi sina ugonjwa wowote.

Ninachoogopa zaidi ni wiki ya harusi. Somo anayenifunda atanisugua mwili mzima kwa singo, na wanawake wengine watakuwepo chumbani. Wataniona. Mama, ninageuka mwanamume? Nitazaa? Nikinyoa kabla ya singo hazitaota nene zaidi? Kuzitoa ni dhambi? Na nimwambie mchumba wangu? Nina mdogo wangu wa miaka 14, juzi nilimkuta ameshika kibano changu mbele ya kioo, na hapo ndipo nilipoamua kukuandikia.

Anayejificha, Bondeni


Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeeleza kidevu kwa kirefu, hata mimi nimekiona. Hedhi umeitaja kwa mstari mmoja, tena umeibana katikati ya uzani na sukari ya mama kana kwamba ni habari ya kupita. Nilifanya kazi ya uuguzi katika kliniki ya wanawake kwa miaka mingi, na hivyo ndivyo tulivyokuwa tukijiwa: mwanamke analeta kile ambacho watu wanakiona, na lile lenye uzito analitaja akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango. Kwangu mimi mstari ule mmoja ndio barua yenyewe. Mtu wa umri wako anayeona siku zake mara tano kwa mwaka mzima anapaswa kupimwa hata kama kidevu chake ni laini kama cha mtoto.

Lakini nianze na linalokunyima usingizi. Hapana, hugeuki mwanamume. Homoni mnayoiita ya kiume, testosteroni, iko ndani ya kila mwanamke. Ovari zinaitengeneza, na tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo kama kofia, zinachangia. Kinachotofautiana ni kiasi, na jinsi ngozi ya mtu inavyoiitikia. Wewe mwenyewe umeshalieleza jambo hili vizuri kwa kutofautisha malaika na ndevu. Shina la nywele linalotoa laika likipata homoni hii kwa wingi, au likiwa jepesi kuiitikia, hubadilika na kuanza kutoa udevu. Mashina yanayobadilika hivyo yako mahali maalum: juu ya mdomo, kidevuni, kifuani, tumboni, mgongoni, mapajani kwa ndani. Ndiyo maana daktari hatajali sana nywele za mikononi na kwenye miguu chini ya goti. Kuna koo ambazo wanawake wake wana malaika mengi mikononi tangu utotoni, na homoni zao hazina kasoro. Jua pia kwamba shina likishajifunza kutoa udevu, si rahisi kulirudisha kwenye laika. Dawa huzuia mapya yasigeuke na hupunguza kasi na unene wa yale ya zamani, basi.

Sasa, kwa nini homoni izidi? Katika kila wanawake 10 wenye shida kama yako, 7 au 8 wana hali ambayo hospitalini utasikia ikitajwa kwa herufi zake, PCOS, yaani polycystic ovary syndrome. Madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliieleza mwaka 1935 baada ya kuwachunguza wanawake saba. Jina lake linatisha bure, kwa sababu linataja vifuko vingi kwenye ovari na mtu anadhani ni uvimbe wa kukatwa. Vile vifuko vina mayai machanga yaliyoanza kukua yakakwama njiani. Yai lisipokomaa halitoki, na lisipotoka hedhi haina ratiba. Inampata mwanamke 1 kati ya 10 hivi walio katika umri wa kuzaa, kwa hiyo hata katika mtaa wenu hauko peke yako, ni vile kila mmoja ana kioo chake cha alfajiri.

Na hapa ndipo shingo yako inapoingia. Mwanangu, acha kuisugua. Weusi ule ulio kama mahameli, ambao mara nyingi hushika na makwapa, hauna uhusiano na uchafu. Mara nyingi ni dalili kwamba mwili umekuwa mgumu kuisikia insulini, kwa hiyo kongosho linatoa insulini nyingi zaidi ili sukari ishuke. Insulini hiyo iliyozidi inakwenda kuzichochea ovari zitoe testosteroni. Vilevile inalifanya ini lipunguze protini ambayo kazi yake ni kuishika testosteroni ndani ya damu isizurure, nayo ikikosa wa kuishika inafika kwenye mashina ya nywele. Unaona jinsi shingo, uzani, hedhi, kidevu na sukari ya mama vilivyo kamba moja? Uliposema huna ugonjwa wowote, nilitamani nikushike mkono nikupeleke kupimwa sukari siku hiyo hiyo.

Hiyo krimu ya kikopo cheupe, iache leo, na kikopo usikitupe, kipeleke kwa daktari. Krimu nyingi za kung'arisha zinazouzwa bila jina huchanganywa na steroidi kali. Steroidi ya aina hiyo ikipakwa kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba na inaweza kuotesha nywele pale pale inapopakwa. Ikipakwa eneo kubwa la mwili kwa miezi, hupenya hadi ndani na kuleta ugonjwa wa Cushing: uso unajaa na kuwa wa mviringo, tumbo linanona huku miguu na mikono ikikonda, michirizi mipana ya zambarau inatokea tumboni, na mtu akigongwa kidogo tu anavilia damu. Wewe unapaka shingoni pekee. Msomaji mwingine anayepaka mwili mzima kwa miezi mingi asiikate ghafla, amuone daktari kwanza, kwa sababu tezi za adrenali huwa zimelala na zinahitaji kuamshwa polepole.

Kabla daktari hajasema ni PCOS lazima ayaondoe mengine yanayofanana nayo. Tezi ya shingo ikilegea inavuruga hedhi. Prolaktini, homoni ya maziwa, ikizidi inaweza kuisimamisha kabisa. Kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kimoja katika tezi za adrenali, na dalili zao kwa nje ni pacha wa zako. Kuna dawa pia: valproeti inayotumiwa kwa kifafa, danazoli, na sindano za kujenga misuli ambazo siku hizi zinaingia hata kwenye jimu. Na kuna wanawake ambao kila kipimo kinatoka sawa, hedhi iko sawa, ila ngozi yao tu ndiyo nyepesi kuitikia.

Jambo moja katika barua yako limenipa ahueni: ulisema zilianza kidato cha tatu na zimeongezeka mwaka baada ya mwaka. Kinachotuogopesha ni kasi. Mwanamke ambaye ndevu zimemjia kwa miezi michache, sauti ikawa nzito, nywele za kichwani zikaanza kutoka kwenye paji kama za mzee, misuli ikajaa au kinembe kikakua, huyo asingoje miadi ya mwezi ujao. Huenda kuna uvimbe kwenye ovari au adrenali unaotoa homoni. Ni nadra, lakini hutafutwa haraka. Vivyo hivyo kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi ambaye ndevu zinamwota kwa kasi na nyingi. Mwambie daktari wazi kama una mojawapo ya hayo, hata kama unaona aibu kulitaja.

Nikueleze siku ya kupimwa itakavyokuwa, maana hofu nyingi ni ya kutojua. Unaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, uombe rufaa ya kwenda kliniki ya magonjwa ya wanawake katika hospitali ya rufaa ya kaunti, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita PGH. Beba karatasi yenye tarehe za hedhi zote unazozikumbuka, jina la vile vidonge ulivyouziwa, na kikopo. Kama uko kwenye bima ya SHA, uliza kabla ya kutolewa damu ni vipimo gani inalipia.

Utapimwa presha, uzani na kiuno. Kisha daktari ataomba kuona zilipoota, na una haki ya kuomba daktari wa kike, au muuguzi wa kike awepo. Kuna njia ya kuhesabu iliyotokana na kazi ya Waingereza wawili, Ferriman na Gallwey, ya mwaka 1961. Sehemu tisa za mwili zinatazamwa, kila moja inapewa alama kuanzia 0 hadi 4. Nikikadiria kwa maneno yako tu: juu ya mdomo 2, kidevu 3, chini ya kitovu 2, kifua 1. Hiyo tayari ni 8, na mgongo sijauona. Zamani 8 ndiyo iliyokuwa mpaka. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unauweka kati ya 4 na 6, kwa kuangalia asili ya mtu. Shida ni kwamba wewe unazing'oa kila alfajiri, na daktari atakuta kidevu kitupu chenye vipele. Watafiti hutaka mtu asing'oe kwa wiki nne wala asinyoe kwa siku tano, lakini siwezi kukutuma kazini wiki nne namna hiyo. Pitisha siku chache unazoziweza, halafu alfajiri moja, kabla hujagusa kibano, jipige picha kwa simu. Mwonyeshe.

Damu nayo ina wakati wake. Nenda asubuhi na mapema, na kama hedhi itakuja, nenda siku ya pili hadi ya tano tangu ianze. Isipokuja, usiingoje miezi mitatu, daktari atakupa njia. Watakupima ujauzito hata ukiwaambia hujamjua mwanamume. Usikasirike wala usidhani wanakushuku, ni utaratibu kwa kila mwanamke ambaye siku zake zimekosekana. Baada ya hapo ni testosteroni pamoja na ile protini inayoishika, tezi ya shingo, prolaktini, na kipimo kiitwacho 17-haidroksiprojesteroni ambacho ndicho kinachotambua ule upungufu wa kimeng'enya wa kuzaliwa. Vidonge vya kupanga uzazi huishusha testosteroni, kwa hiyo mtu anatakiwa awe ameviacha kwa miezi mitatu ndipo jibu liaminike. Wewe uliacha mwaka jana, umeshavuka. Na kama unameza vile vidonge vya kurembesha nywele na kucha vyenye bayotini, viache siku kadhaa kabla, maana vinazichanganya mashine za maabara zikatoa jibu la uongo.

Sukari usipimwe kwa kudungwa kidole tu. Omba kile kipimo cha kunywa glukosi: unafika bila kula tangu usiku, unatolewa damu, unakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, unakaa saa mbili, unatolewa tena. Ni kipimo cha kuchosha, beba kitambaa chako ushone. Katika PCOS sukari ya asubuhi inaweza kutoka safi huku ile ya baada ya saa mbili ikiwa juu.

Kuhusu picha ya ovari, sikiliza vizuri kwa sababu hapa ndipo pesa za wengi zinapopotea. Wasichana wengi wanakimbilia picha kwanza, wanaambiwa wana vifuko, wanarudi nyumbani wakilia, na damu hawajapimwa. Ili kuitwa PCOS mtu anahitaji mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpango, dalili za homoni kuzidi iwe kwa macho au kwa damu, na ovari zenye vifuko vingi kwenye picha. Wewe mawili ya kwanza unayo. Vipimo vya damu vikishayaondoa magonjwa mengine, jibu lako limepatikana bila picha. Daktari akiwa na sababu nyingine ya kuitaka, sawa, na kama wewe ni bikira sema mapema, picha itapigwa juu ya tumbo.

Hivyo vidonge ulivyouziwa huenda ndivyo atakavyokuandikia daktari, ila kwa mpango. Vile vyenye homoni mbili hupanga hedhi na kupunguza testosteroni inayozurura, na ndivyo dawa ya kwanza ya ndevu. Lakini ile ya kuumwa kichwa lazima uieleze vizuri. Kama maumivu yalitanguliwa na mianga au mistari inayometameta machoni, vidonge hivyo havikufai kabisa, kwa sababu vinaongeza hatari ya kiharusi. Kuna dawa nyingine, spironolaktoni, inayoizuia testosteroni isifanye kazi kwenye ngozi. Hiyo haitumiwi na mwanamke anayetafuta mimba, kwa sababu inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Metformini inasaidia sukari na hedhi zaidi ya inavyosaidia ndevu. Na mwenye uzani uliozidi akipunguza hata sehemu 5 hadi 10 kwa kila 100 ya uzani wake, mara nyingi hedhi huanza kurudi yenyewe. Fundi cherehani anakaa kutwa nzima, najua. Anza na chai: vijiko vitatu viwe kimoja, soda iondoke kwenye meza ya kazi, mahamri yasiwe ya kila asubuhi, na nyumbani urudi kwa miguu.

Dawa yoyote ya hizo inachukua miezi sita kabla hujaona tofauti kidevuni. Kwa hiyo singo ya miezi minne ijayo ni suala la kuziondoa. Wembe hauzinenepeshi. Udevu uliokatwa unaonekana mnene kwa kuwa ncha yake ni butu, lakini shina liko ndani ya ngozi na wembe haufiki huko. Kibano ndicho kinachokuumiza: nywele zetu zimejikunja, ukizing'oa zinazorudi zinajichoma ndani ya ngozi, ndipo vipele na madoa. Weka kitambaa chenye maji moto dakika chache, tumia wembe mpya, nyoa kwa kufuata zinakoelekea wala usizipinge. Sukari na ndimu ya kuchunia iangaliwe kwanza kwa sehemu ndogo. Na usizitoe siku hiyo hiyo ya singo, zitoe siku mbili au tatu kabla, la sivyo manjano na liwa vitakuchoma. Ukija kupata pesa za leza, kabla hujalipa uliza kama mashine yao ni Nd:YAG ya nanomita 1064. Kwa ngozi nyeusi ndiyo salama zaidi, nyingine nyingi huunguza.

Somo wako mwendee wiki moja kabla, mkiwa wawili, umwonyeshe. Mwanamke aliyewashika mabibi harusi kwa miaka ameshaona matumbo yenye mstari kama wako kuliko unavyodhani, na yeye ndiye atakayeamua nani aingie chumbani na nani asubiri nje. Kuhusu dhambi, wanazuoni wa Shafi, madhehebu ambayo wengi wa Bondeni tumelelewa nayo, wamesema mwanamke aliyeota ndevu au masharubu anaruhusiwa kuziondoa, na wakaona ni vizuri aziondoe. Mjadala mkali uko kwenye nyusi. Muulize sheikh wako utulie moyo. Na shangazi akitaka usomewe, somewa, dua haizuii sindano ya maabara.

Watoto: wengi wenye PCOS wanazaa, wengine bila dawa yoyote. Yai likikataa kutoka kuna letrozoli, kidonge cha siku tano mwanzoni mwa mzunguko, na huwa kinafanya kazi kwa wengi. Aliyekuambia ukizaa ndevu zitaisha alikudanganya, pengine bila kukusudia. Ila hedhi isiachwe hivi hivi hata kama hutafuti mtoto. Ukuta wa tumbo la uzazi ukikaa zaidi ya miezi mitatu bila kutoka unazidi kuwa mnene, na ukiachwa miaka unaweza kugeuka saratani. Daktari ana vidonge vya kuuteremsha.

Mchumba wako mwambie. Hapa natoa maoni yangu mama mzima, na uamuzi ni wako. Nimeona ndoa zilizovunjika mwaka wa pili kwa sababu mume aliambiwa na daktari jambo ambalo mke alilijua tangu uchumba. Huhitaji kuanza na kidevu. Anza na hedhi, mwambie unaenda kupimwa, na umwambie siku ukiwa na majibu mkononi, kabla ya nikahi, mchana, mahali mnapoweza kuzungumza bila kukatizwa. Jibu atakalokupa litakufaa ulijue sasa.

Na mdogo wako. Katika umri wa miaka 14 hedhi kupishana si ajabu, mwili bado unajipanga, na ovari za msichana huonekana na vifuko vingi hata akiwa mzima. Ndiyo maana hata mwongozo unashauri picha isipigwe kutafuta PCOS kabla ya miaka minane kupita tangu avunje ungo. Lakini kama na yeye ameanza kuota ndevu, au miezi mitatu inapita bila kuona siku zake, aonwe na daktari. Mchukue kibano hicho mkononi bila kumkaripia, umuulize alikuwa anatafuta nini, na siku ile ya glukosi muende wote wawili.